Somo: Ushahidi wa vinasaba (DNA) usiozee ndani ya mfuko

Kwamba kuoga kunaweza kufuta ushahidi wa ubakaji, wengi wanajua. Lakini hapa Tanga kuna adui mwingine: unyevu. Nguo mbichi ikifungwa kwenye plastiki, joto na ukungu huanza kuharibu vinasaba kabla kielelezo hakijafika kupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

1. Kabla ya hospitali. Mwathirika asioge, asichambe, asifue. Akibanwa na haja ndogo aende, ajifute kwa karatasi safi na karatasi hiyo aitunze. Kila nguo iwe na bahasha yake ya kaki. Kanga na shuka vilevile. Msizikung'ute.

2. PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, hutolewa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Anayevuja damu atibiwe kwanza, fomu ifuate. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28.

3. Sampuli. Ridhaa kwanza. Mhudumu abadilishe glavu kila sehemu ya mwili. Ngozi iliyong'atwa au kulambwa ipanguswe kwa vijiti viwili vya pamba: cha kwanza kimeloweshwa kidogo kwa maji tasa, cha pili kikavu. Vikauke kivulini, si juani. Bahasha isifungwe kwa mate, maana mate nayo yana vinasaba! Tumia utepe, saini ipite juu yake, na tarehe na saa.

4. Kila anayepokea bahasha aandike jina na saini. Tangu kesi ya Paulo Maduka (rufaa ya 2007 katika Mahakama ya Rufani, kuhusu makabidhiano ya vielelezo), pengo katika makabidhiano ni silaha ya wakili wa utetezi.

Maswali ya wanachama

Shikamoo. Mtoto keshaogeshwa na chupi imefuliwa. Kuna maana kwenda?
Marahaba, mwanangu. Nendeni leo hii. Shahawa huweza kubaki ndani ya mwili kwa siku kadhaa, na hata nguo iliyofuliwa mara nyingine hutoa majibu. Ushauri kuhusu mtoto, piga 116.

Kanga ililowa mvua, tukaifunga kwenye mfuko wa plastiki tangu jana.
Itoeni sasa, kwa glavu. Itandazwe ndani ya nyumba juu ya karatasi safi hadi ikauke, kisha iingie kwenye kaki. Mfuko nao usitupwe, upelekwe pamoja nayo.

Bila vinasaba kesi imekufa?
Hapana. Katika kesi ya Selemani Makumba, 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Vinasaba husema ni nani. Kama aliridhia, havisemi.