Kuhamisha daftari la duka kwenye simu

Nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam. Mwenzangu akitaka kuachana na daftari namuuliza kwanza: nani anakaa kaunta? Usinunue programu kabla huyo kijana hajaijaribu, tena saa ya wateja, mmoja akilalamika kuwa boda inamsubiri. Nyingi hukwama hapo, wala si kwenye bei.

Anza na madeni tu. Andika jina, doti ngapi, kalipa kiasi gani. Jioni linganisha na daftari. Yakilingana wiki nzima, ndipo uingize mzigo wa stoo. Chagua programu inayofanya kazi hata bando likiisha, na yenye nakala nje ya simu. Simu Kariakoo haina mwenyewe.

Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu, ichukue kwa jina la biashara. Mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usihangaike kuusoma. Subiri uingie kwenye simu ya duka, tazama umetumwa na nani, kisha angalia salio ndipo ukabidhi mzigo. Hasa Jumamosi.

Na risiti ya programu siyo ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. TRA, watu wa Mamlaka ya Mapato, wakija watataka ya EFD.