Jinsi ya Kuhamisha Waraka kati ya Programu za Kuandikia bila Kuharibu Mpangilio Wake

Mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa LibreOffice nyumbani Sinza, kisha akaipeleka kwa flashi kwenye duka la kuchapa la Mwenge linalotumia Microsoft Word, anaweza kukuta majedwali yamekatika na namba za kurasa hazilingani tena na orodha ya yaliyomo. Hali hiyo hutokea kwa sababu faili la waraka halibebi taswira ya ukurasa; hubeba maandishi pamoja na maelekezo, na kila programu huyafuata maelekezo hayo kwa kuupanga ukurasa upya kwa fonti, yaani sura za herufi, zilizomo katika kompyuta husika.

Kwa hiyo anza na fonti, maana ndizo zinazoleta madhara makubwa zaidi. Fonti isipokuwepo, programu huweka nyingine, na herufi zikizidi upana hata kidogo, mistari huongezeka na sura nzima husogea. Zipo fonti zilizobuniwa makusudi ziwe na upana uleule: Carlito hushika nafasi ya Calibri, Caladea ya Cambria, na Liberation Serif ya Times New Roman. Anayetumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta mbadala wa Windows, aandike jina la Times New Roman katika kisanduku cha fonti hata kama hana fonti hiyo, kwa kuwa kwake itaonekana Liberation Serif, na dukani itafunguka Times New Roman yenyewe huku mistari ikikatika palepale.

Pili, vichwa vyote vipewe mitindo ya Heading 1, Heading 2 na kuendelea, ambayo Word, LibreOffice na Google Docs zote huitambua. Kukoleza wino na kukuza herufi kwa mkono hakuiambii programu kwamba hapo pana kichwa, na orodha ya yaliyomo haiwezi kujitengeneza. Vivyo hivyo, usisukume maandishi kwa kubonyeza nafasi mara nyingi, wala usifikie ukurasa mpya kwa mfululizo wa Enter. Bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja.

Picha zifungwe ndani ya mstari kama herufi, la sivyo huelea na kufunika maandishi. Karatasi iwe A4, yaani milimita 210 kwa 297, kwani baadhi ya programu huanza na Letter ya Marekani, ambayo ni fupi zaidi.

Ikiwa msimamizi wako husahihisha kwa Word, fanya kazi katika faili la docx, muundo wa faili wa Word, tangu mwanzo, kwa sababu kubadilisha kutoka odt, muundo wa LibreOffice, kwenda docx na kurudi mara kwa mara hupoteza kitu kila safari. Ukifungua waraka katika Word, chagua maandishi yote kwa Ctrl na A, kisha bonyeza F9 ili namba za yaliyomo zisahihishwe.

Kazi ya kuchapwa tu isipelekwe kama docx hata kidogo. Ihifadhi kama PDF, ambayo hubeba fonti zake ndani, ikague ukurasa kwa ukurasa, na umwombe mchapaji aiache katika ukubwa wa asilimia 100 ili pambizo la kujalidia lisipungue.