Una nyumba ya kupangisha Uingereza na unataka Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo)? Piga hesabu hivi

Wengi bado wanahesabu kwa mtindo wa Child Tax Credit na Working Tax Credit (misaada ya zamani) na hapo ndo wanapokwama, zile zilifungwa tarehe 5 Aprili 2025. Enzi zile HMRC (mamlaka ya mapato) waliangalia faida ya kodi ya mpangaji tu: unatoa matumizi, unaachiwa pauni 300 za mwanzo (hizo 300 ni za kodi na vitu kama riba kwa pamoja), kinachobaki ndo kinaingia kwenye mapato, na nyumba hata iwe ya thamani gani hakuna aliyeiuliza. Sahivi imegeuka, DWP (idara inayolipa Universal Credit) wanaangalia nyumba yenyewe.

Kwa hiyo usianze na hela ya mpangaji. Anza na bei ambayo nyumba ingeuzwa leo, sio uliyonunulia, toa 10% ya gharama za kuuza, halafu toa deni la mogeji (mkopo wa nyumba). Tuseme inauzika pauni 120,000, ukitoa 12,000 inabaki 108,000, benki wanakudai 95,000, basi una 13,000. Changanya na akiba, yako na ya mwenzako kama mnaishi pamoja, sababu kikomo ni kilekile hata mkiwa wawili. Ikivuka 16,000 hupati kitu. Ikiishia 6,000 hawakugusi. Hapo katikati wanakata pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila 250, au kipande cha 250, inayozidi 6,000, so huyu wa mfano kama hana akiba nyingine amezidi 7,000, ni vipande 28, anakatwa 121.80 kila mwezi.

Kodi ya mpangaji yenyewe ikiingia inahesabiwa kama mtaji, yaani inajumlishwa na mali na akiba zako. Ikilipa mogeji ikatoka, imetoka, ila ukiiacha ilale benki mwezi baada ya mwezi inakusogeza kwenye ile 16,000 bila wewe kushtuka. (Kodi ya mapato ya HMRC ni ishu nyingine, ile unaripoti kivyake.)

Nyumba ya nje ya Uingereza nayo imo, ile ya kule nyumbani ambayo watu wanadhani haionekani. Na ukimwandikia mtoto ili tu upate malipo, wanaihesabu kama bado yako.

Afueni zipo. Ukiiweka sokoni kwa dhati wanaiacha miezi 6, hata zaidi kukiwa na sababu ya maana. Akiishi humo ndugu wa karibu aliyefikia umri wa pensheni ya serikali, haihesabiwi. Na kama unapangisha chumba tu ndani ya nyumba unayoishi mwenyewe, hela hiyo hawaigusi kabisa.

Kabla hujajaza fomu onlaini, chukua barua ya salio la mogeji la mwezi huo na makadirio ya bei kwa maandishi kutoka kwa dalali, na mwambie akadirie nyumba ikiwa na mpangaji ndani, maana hivyo mara nyingi bei inashuka.