Kupiga rangi rimu za sport za gari la zamani nyumbani, kwa sisi tunaoishi na chumvi ya bahari

Wadau wa Mtwara na Lindi, kama una gari la zamani na bado lina rimu zake za sport, zile za aluminiamu, zilizotoka nazo kiwandani usizitupe na usikimbilie kununua zingine, hata kama zimechubuka zimekuwa na madoa meupe kama ukurutu, zile zinarudi kabisa na unazifanya mwenyewe uani kwako. Mi nimefanya za Toyota Mark II GX81, za miaka ya 1988 mpaka 1992, gari ya baba mdogo wangu ambayo inalala Shangani upepo wa bahari unaipiga usiku kucha.

Nimezifanya mara mbili na mara ya kwanza ndo imenifundisha. Nilipitisha msasa juu juu, nikafuta na kitambaa nikapuliza silva, Idi ikatukuta gari inawaka. Haikufika miezi minne vipovu vikaanza kuzunguka tundu la pini ya upepo na pale risasi za balansi, vile vipande vya uzito vya kusawazisha gurudumu, zinapobana. Nikabonyeza kipovu kimoja kwa ukucha, ngozi ya rangi ikachanika nzima nzima na ndani kuna unga mweupe mkavu, ukiusugua kwenye vidole ni kama unga wa muhogo. Ule unga ni rimu yenyewe hiyo imeliwa. Aluminiamu haipati kutu nyekundu kama chuma, yenyewe inajitengenezea kingozi chembamba kinachoilinda, sasa chumvi ikichanganyika na unyevu inakitoboa kile kingozi inaingia chini ya rangi na kutembea humo humo bila wewe kuona. Kwa hiyo ukipaka rangi juu ya chumvi umeifungia ndani iendelee kula kwa raha zake. Kazi yote ya rimu huku kwetu pwani ni kuitoa chumvi na ule unga mpaka mwisho, kupuliza rangi ni sehemu ndogo tu ya mwisho.

Kabla hujanunua hata msasa kagua kwanza. Toa gurudumu, weka gari kwenye stendi sio jeki peke yake, osha rimu halafu ipitishe juani polepole ukiangalia nyuma na mbele, hasa kwenye mizizi ya spoku na ule ukingo wa ndani unaogonga mashimo. Ukiona ufa hata wa unywele, rimu hiyo usiipake rangi wala usiizibe na pati, itoe barabarani. Rangi itauficha ufa na siku ukiwa spidi ndo utapasuka. Rimu iliyopinda nayo isipakwe kwanza, mpaka aiangalie mtu mwenye mashine ya kunyooshea.

Tairi zipeleke kwa fundi pancha azitoe, na mwambie atoe na risasi zote na pini ya upepo, ndo kazi inakuwa safi. Kama hutaki kutoa tairi basi toa upepo kidogo uchomeke karata pembeni kuzunguka rimu yote, zile karata za kuchezea, zinakaa kati ya mpira na chuma vizuri kuliko gazeti. Inasaidia ila ule mdomo unaogusana na tairi hutaufikia, na chumvi inapenda kukaa hapo hapo.

Kuosha sasa. Sabuni ya unga, maji mengi, brashi ya plastiki, mbele na nyuma, na nyuma ndo kuna ule weusi wa vumbi la breki uliogandana na grisi. Maji yawe ya bomba au ya mvua. Hili nalisisitiza kwa sababu visima vingi vya huku karibu na bahari maji yake yana chumvi chumvi, unaosha chumvi kwa chumvi. Suuza, acha ikauke, suuza tena, mi nafanya mara tatu. Na kuna vitu vinne watu wanatumia ambavyo naomba mviache. Maji ya betri yanachimba rimu na kukuunguza wewe. Kostiki soda inaila aluminiamu yenyewe na kutoa hewa inayoshika moto, kwa hiyo hata kama inatoa rangi ya zamani haraka haifai hapa. Stilwaya ya kusugulia masufuria na brashi ya waya za chuma zinaacha vipande vidogo vidogo ndani ya rimu, baadae vinapata kutu vinatokeza madoa ya kahawia juu ya rangi yako. Na mafuta ya taa yanaacha utelezi, rangi haishiki.

Msasa ndo penye kazi na hapa usiwe na haraka, rimu moja inaweza kukula siku nzima. Penye ule unga mweupe na vipovu anza na namba 80 au 120, sugua mpaka uone chuma kinang'aa hadi kwenye vile vishimo vidogo, sio kinang'aa juu halafu vishimo vimebaki na weupe. Funga macho upitishe kidole gumba, pale ulipomaliza panateleza kama sahani na pale palipobaki unasikia chenga chenga kama mchanga laini. Mi kidole nakiamini kuliko jicho. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri huna haja ya kuitoa yote, ila ule mpaka kati ya chuma na rangi ulainishe usibaki kama ngazi, kwa sababu rangi mpya itauonyesha. Ukitoka hapo panda namba 240, halafu 320. Sugulia maji, vumbi la rangi ya zamani usilivute, na msasa wa maji haujai vumbi haraka. Kwenye kona za spoku kunja kipande cha msasa ukizungushie kijiti cha mshikaki, vidole havifiki kule.

Michubuko ya kugonga ukingo wa barabara, ile mifupi isiyo na kina, piga pati ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, tandaza nyembamba, ikikauka sugua na 240 mpaka usisikie mpaka wake. Isiende kwenye mdomo unaokaa tairi wala kwenye matundu ya nati. Pati ni ya sura tu, haiongezi nguvu yoyote.

Ukimaliza suuza tena kwa maji matamu, kausha juani, halafu futa na tina kwa kitambaa cheupe, geuza kitambaa kila mara mpaka kitoke cheupe vile vile. Pale kwenye pati pitisha kidogo tu usiiloweshe. Kipimo changu kabla sijafika kwenye tina ni maji: namwagia kidogo, yakitandaa kama shuka rimu imetakata, yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba bado kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Baada ya hapo usishike rimu na mkono mtupu, mikono yetu ina jasho na jasho lina chumvi, vaa glavu.

Sasa ziba sehemu zisizotakiwa rangi. Ule uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, pale rimu inapofungwa kwenye gari, na matundu ya nati pale nati inapokalia, hizo zibaki chuma kitupu. Watu wengi wanapuliza kote kote kwa uzuri lakini rangi pale inabanwa inasagika, nati inabaki na nafasi inaanza kulegea njiani. Karatasi ya tepu ukizungusha kwenye kijiti inaziba tundu vizuri.

Hali ya hewa ni nusu ya mafanikio huku. Masika na ule unyevu wa Desemba mpaka Aprili ni shida, unapuliza rangi inapiga ukungu mweupe kama maziwa kwa sababu unyevu umenaswa ndani. Fanya miezi ya kipupwe, Juni mpaka Septemba, ila hapo kuna kusi linalovuma na kubeba mchanga, kwa hiyo muda mzuri ni kuanzia kama saa tatu asubuhi umande ukishakauka mpaka saa tano hivi kabla upepo haujapamba moto. Kaa kwenye kivuli, upande uliokingwa, mwagia maji ardhi kuzunguka vumbi lisiinuke. Rimu iliyochomwa na jua la saa saba usiipulizie, rangi inakauka hewani kabla haijatandaa na inakuwa na ngozi ya chungwa. Na barakoa ya kitambaa haizuii hewa ya rangi, tafuta ile yenye vichujio vya kemikali, na jiko la mkaa liwe mbali.

Kwenye chuma kitupu lazima praima ya aluminiamu, ile inayong'ata, kwa sababu praima ya kawaida haikishiki vizuri inakuja kubanduka kama ganda la kitunguu. Duka la rangi likikosa agiza Dar, usifanye bila hiyo. Puliza nyembamba moja au mbili kwenye chuma tu, pale penye pati paepuke. Halafu praima ya kawaida mara mbili au tatu, acha ikauke vizuri kama kopo linavyosema, kisha msasa wa maji namba 400 halafu 600 kwa mkono mwepesi. Ukitoboa ukaona chuma, rudisha praima pale pale.

Kupuliza rangi, kopo likae sentimita 20 mpaka 30, tikisa dakika mbili nzima, anza kupuliza nje ya rimu, pita, malizia nje ya rimu. Anza na zile kona za ndani na mashimo, uso wa mbele uwe wa mwisho. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu uone praima chini yake, usitamani kufunika mara moja hapo ndo rangi inatoa machozi. Kati ya mkono na mkono dakika kumi hivi, mikono mitatu minne inatosha. Silva ina chenga za metali kwa hiyo mkono wa mwisho rudi nyuma kidogo puliza kama ukungu, inaondoa mabaka. Machozi yakitoka usiyafute yakiwa mabichi, yaache mpaka kesho, sugua na 600 puliza upya pale. Kopo la mililita 400 mi napata rimu mbili.

Klia, ule mpako wa mwisho unaoonyesha rangi iliyo chini yake, ndo kinga yenyewe dhidi ya chumvi, usiibanie, mikono mitatu na ukingo wote uingie mpaka nyuma. Ile klia ya kuchanganya na hadina ni ngumu zaidi ila ina isosayaneti inayodhuru mapafu vibaya na haitaki barakoa ya kawaida, nyumbani tumia ya kopo moja, yenye nguvu mwachie mwenye chumba cha kupulizia.

Kama rimu zako zina ule ukingo uliong'arishwa bila rangi, upitishe msasa wa maji 400, 600, 800, 1000, 1500 mpaka 2000, kila namba ifute mikwaruzo ya iliyopita, malizia na Brasso. Utang'aa kama kioo lakini huku bila klia juu yake utafifia haraka, kwa hiyo aidha uufute mafuta yote upige klia au ukubali kuung'arisha kila mwezi.

Acha rimu siku nzima kabla ya kuzigusa, na wiki moja kabla fundi pancha hajaweka vyuma vyake, nenda mwenyewe usimame pale. Mwambie risasi za balansi aweke za kubandika kwa ndani, zile za kubana zinakwangua ukingo na tushaona kinachofuata. Kwenye gari kaza nati kwa mtindo wa msalaba, ukitoka moja unavuka upande wa pili, na nguvu ya kukaza kwa hizi Toyota ni kama Nm 103 ukipata spana ya kipimo. Halafu ukitembea kilomita 50 mpaka 100 kaza tena, sisi tulitoka Mtwara kwenda Lindi tukasimama Mnazi Mmoja pale njia panda ya Masasi, gurudumu la kushoto nyuma nati mbili zilikuwa zimekubali robo mzunguko.

Na ukirudi Msimbati ambako gari zinashuka mpaka mchangani, jioni hiyo hiyo ndoo mbili za maji ya bomba kila gurudumu, na ya kwanza imwage kwa nyuma ya rimu.