Kukadiria Makali ya UV Kabla ya Kutoka Nje

Ngozi haina uwezo wa kuhisi mionzi ya UV, yaani miale ya jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi. Joto unalolisikia mwilini linatokana na miale mingine ya jua, ndiyo maana watu huungua siku zenye upepo wa baridi. Usipime kwa joto, pima hivi.

Hatua ya 1: Soma kipimo. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu huonyesha kiwango cha UV. Kuanzia 3, jikinge. 8 hadi 10 ni kali sana. 11 na kuendelea ni kali kupindukia. Huna intaneti? Simama wima utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limeshapanda vya kutosha kukuunguza.

Hatua ya 2: Angalia ulipo. Hapa ndipo wengi hukosea. Mawingu mepesi hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya UV, kwa hiyo anga la kijivu lisikudanganye. Ukipanda mlima, ongeza takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mchanga mkavu wa ufukweni huakisi asilimia 15 hivi, theluji mpya hadi 80. Aliyekaa chini ya mwavuli bado hupigwa kutoka chini, na kidevu ndicho huungua. Majini nako si salama: nusu mita chini ya uso wa maji, asilimia 40 hivi ya mionzi bado ipo.

Hatua ya 3: Nguo kwanza. Inua kitambaa kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga ukipenya, UV nayo inapenya. Fulana nyeupe ya pamba ikilowa, kinga yake hupungua zaidi.

Hatua ya 4: Losheni. Chagua ya kukinga jua yenye SPF (namba ya kiwango cha kinga) 30 au zaidi, inayozuia UVA na UVB, aina mbili za UV. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji mililita 35 hivi, yaani vijiko 7 vya chai. Ni nyingi, naam! Namba ya SPF hupimwa kwa miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita mraba. Ukipaka nusu yake, hupati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Rudia kila baada ya saa 2, na mara tu ukishaogelea, kutoka jasho jingi au kujifuta kwa taulo.

Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, ila macho hayana kinga hiyo, na mabaka meusi huzidi kukolea kwa jua. Mwenye ualbino asingoje kipimo kifike 3. Anayemeza doksisaiklini (aina ya antibiotiki) naye ajihadhari: dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi.