Kula kwenye mgahawa wa Asia mchanganyiko: uliza kabla ya kuagiza

Ukiishi kwenye jiji kubwa kama London, New York au Toronto, siku si nyingi utaalikwa kwenye mgahawa wa aina hii. Taa hafifu, muziki wa juu, na menyu moja iliyobeba sushi ya Japani, kari ya Thailand, bao la China (mkate laini wa mvuke wenye kujazwa nyama au mboga) na kimchi ya Korea (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili). Chakula chake mara nyingi ni kitamu kwelikweli na ningependa kila aliye ughaibuni akifurahie. Ila wengi wetu hutoka pale na majuto ya aina mbili: bili iliyovimba, au kugundua baadaye kwamba kwenye mchuzi mlikuwa na kitu tusichokula. Yote mawili yanazuilika mkiwa bado mnasoma menyu.

Anza na nafasi. Migahawa yenye jina hujaa, hasa Ijumaa na Jumamosi usiku, kwa hiyo meza huwekwa mapema mtandaoni. Mingi hudai namba ya kadi ya benki wakati wa kuweka nafasi. Soma masharti hayo mpaka mwisho, kwa sababu usipotokea, au ukighairi siku yenyewe, unaweza kukatwa kiasi fulani kwa kila kichwa. Angalia pia muda mliopewa. Meza ya watu wawili mara nyingi hutolewa kwa saa moja na nusu au mbili, na mkichelewa muda huo hauongezwi. Kama unataka kuujua mgahawa bila kuumia mfukoni, nenda mchana siku ya kazi. Jiko ni lilelile, na mara nyingi kuna mlo maalumu wa bei nafuu ambao jioni huuoni.

Mkishaketi, mhudumu atawaambia kwamba sahani ni za kugawana na kwamba zitakuja kadiri zinavyoiva. Mtindo huo wa chakula kuja bila mpangilio ulizoeleka sana London baada ya mgahawa wa tambi wa Wagamama kufunguliwa mwaka 1992, na sasa uko kila mahali. Atapendekeza pia sahani mbili au tatu kwa kila mtu. Hapo ndipo pesa inapoondokea. Ushauri wangu ni kuagiza kwa awamu: kwanza sahani moja kwa kila mtu pamoja na wali, mle, mtazamane, ndipo muongeze. Wali huuzwa peke yake, na meza isiyoagiza wali hujikuta ikitafuta shibe kwenye vipande vinne vya samaki. Edamame, yale maharage machanga ya soya yanayoletwa na ganda lake, usile ganda. Bana punje kwa meno ziingie mdomoni, ganda rudisha kwenye bakuli. Na ukiona nyama ya wagyu, yaani ng'ombe wa Kijapani, imeandikiwa bei ya gramu 100, uliza kipande kizima kina gramu ngapi kabla hujakubali.

Sasa tuingie kwenye yale yasiyoonekana, na hapa naomba msomaji Muislamu, Msabato na asiyekula nyama wanisome polepole. Supu ya rameni (tambi za Kijapani) iitwayo tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi mpaka mchuzi ukawa mweupe mzito. Kuondoa vipande vya nyama juu hakubadilishi kitu. Gyoza, vile vifuko vidogo vya unga, kwa kawaida hujazwa nyama ya nguruwe na kabichi. Char siu na chashu ni nguruwe, na bao maarufu zaidi ni la nyama ya tumbo la nguruwe. Sosi ya XO, ambayo jina lake halikudokezi chochote, hutengenezwa kwa kamba na kombe (scallops) waliokaushwa, na mara nyingi huongezwa paja la nguruwe lililokaushwa.

Pombe nayo imo. Mirin, inayoipa teriyaki (nyama au samaki wa kupakwa sosi tamu ya soya) mng'ao wake, ni mvinyo mtamu wa mchele wenye kilevi cha takriban asilimia 14, na sake, pombe ya mchele, hutiwa kwenye michuzi mingi ya Kijapani. Kwa hiyo mgahawa unaweza kukuambia kwa ukweli mtupu kwamba kuku wao ni halali, halafu kuku huyohuyo akapakwa sosi yenye mirin na kuokwa juu ya wavu uliotoka kuchomea nguruwe. Maswali ni matatu, uyaulize yote: nyama imetoka kwa mchinjaji wa halali? Kwenye sosi kuna mirin, sake au mvinyo? Mnatumia kikaango na wavu tofauti? Mhudumu akisema "nadhani", mwombe kwa upole akamuulize mpishi. Hiyo ni haki yako na si usumbufu.

Kwa asiyekula nyama, mtego mkubwa ni samaki. Supu ya miso (soya iliyochachushwa) hujengwa juu ya mchuzi uitwao dashi, na dashi ya kawaida ni mwani pamoja na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa na kukwanguliwa. Kari nyingi za Thailand zina kamba waliosagwa ndani ya viungo vyake, na sosi ya samaki hushika nafasi ya chumvi Thailand na Vietnam. Mboga za kukaanga za Kichina nazo hupenda sosi ya chaza.

Mwenye mzio aseme wakati wa kuweka nafasi, kisha arudie mezani. Karanga zimo kwenye satay (mishikaki) na pad thai (tambi za kukaanga), ufuta uko karibu kila mahali, na sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Uingereza mgahawa unalazimika kisheria kukupa taarifa za vizio 14, vikiwemo karanga, ufuta, soya, samaki na kamba.

Vijiti visikutie hofu. Kuomba uma si aibu, na Thailand kwenyewe watu hula wali kwa kijiko na uma. Sushi unaruhusiwa kuishika kwa vidole. Jambo la kuepuka ni kuchomeka vijiti wima kwenye wali au kupokezana chakula kijiti kwa kijiti, maana yote mawili ni mambo ya msiba kwa Wajapani.

Bili ikija, isome. London bei za menyu tayari zina kodi, lakini chini kabisa mara nyingi utakuta ada ya huduma ya asilimia 12.5, kwa hiyo pauni 100 inakuwa 112.50. Kama imeandikwa ni ya hiari, unaweza kuomba iondolewe, na ukiilipa huna haja ya kuongeza bakshishi juu yake. New York hesabu ni nyingine kabisa: menyu haina kodi ya asilimia 8.875, na bakshishi inayotarajiwa ni kati ya asilimia 18 na 20. Chakula cha dola 100, ukitoa bakshishi ya asilimia 20, kinakaribia dola 129. Mkiwa kundi kubwa, angalieni kama bakshishi imeshaingizwa, msije mkalipa mara mbili. Na maji: ukiulizwa ya kawaida au yenye gesi, unauziwa chupa. Omba ya bomba. England kila sehemu yenye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapohapo lazima ikupe bure.

Kilichobaki omba ufungiwe, hakuna atakayekushangaa. Nudo na kari zitafaa kesho zikiwekwa mapema kwenye friji. Sushi ya samaki mbichi imalizeni palepale.