Somo: Kasoro za mazoea kwenye klarineti na namna ya kuzing'oa

Somo hili si la anayeanza kutafuta matundu. Ni lako wewe uliyejifunza kwenye bendi ya shule, kanisani au kikosini. Nyimbo unazimudu, ila sauti imedumaa, noti za juu zinakupiga chenga, na lawama zote unaitupia ridi, kile kibanzi chembamba cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni. Nakujua kwa sababu nilikuwa wewe. Kwa miaka minne nilinunua boksi la ridi kumi na kuona mbili tu ndizo nzima. Siku moja mzee mmoja wa bendi akakaa mbele yangu, akanisikiliza kidogo, akaniuliza: "Kijana, hiyo unaipuliza au unaitafuna?" Kisha akaniambia nigeuze mdomo wa chini nje, tuuone kwa ndani. Kulikuwa na mfereji mweupe wa meno, kama alama anayoacha mtu aliyefunga uzi kwenye kidole.

Kutafuna ndiyo kasoro mama. Pumzi ikiwa haba, noti hulegea, na taya huja kuisaidia. Taya likibana, ridi haina nafasi ya kutetemeka, kwa hiyo sauti inakuwa nyembamba na inapanda juu ya wenzako. Hapo unadhani ridi ni laini, unanunua ngumu zaidi, na kwa ridi ngumu lazima ubane zaidi. Ndiyo maana hatuanzii kwenye mdomo.

Hatua ya 1: Jipime kwanza

Chomoa mausipisi, yaani kipande cha mdomoni kinachobeba ridi, pamoja na kile kipipa kifupi kinachofuata, sehemu nyingine ya klarineti iweke pembeni. Fungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, puliza kwa nguvu zako za kawaida. Kwa klarineti ya B flati, simu ionyeshe F shapu, au karibu kabisa na hapo. Ikipanda juu ya hapo, unabana. Ikishuka sana, umelegea.

Kipimo cha pili kinahitaji mwenzako. Unganisha klarineti, shika C ya chini, yaani kidole gumba na vidole vitatu vya mkono wa kushoto, ushikilie noti ndefu. Yeye, bila kukuambia lini, abonyeze kile kitufe cha nyuma juu ya gumba lako. Inatakiwa itoke G ya juu papo hapo bila wewe kusogeza chochote. Ikigoma, au ikichelewa mpaka ukaze taya, jibu umelipata. (Ndiyo, ni G, si C. Klarineti haipandi oktava kama saksafoni au filimbi, inaruka noti kumi na mbili. Waliotoka kwenye saksafoni wanalijua hili kwa machungu.)

Hatua ya 2: Pumzi

Mtazame mtu anayepuliza makaa kwenye jiko asubuhi. Hapigi kelele, hainui mabega. Pumzi inatoka nyembamba, ya kasi, imelenga mahali pamoja. Klarineti inataka hiyo. Sema "hiii" kwa kunong'ona usikie ulimi unavyopanda nyuma, halafu puliza ukiwa umeuacha hapo hapo juu.

Noti ndefu kila siku, dakika kumi. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, anza na mapigo manane kwa noti, ukizoea nenda kumi na mbili. Anzia G iliyo wazi, yaani isiyofunikwa tundu lolote, shuka noti moja moja mpaka E ya mwisho chini. Inachosha, najua. Lakini sijaona njia ya mkato.

Hatua ya 3: Mdomo

Hapa chukua kipande cha karatasi nyepesi. Kiingize taratibu kati ya ridi na mausipisi, kitelezeshe kushuka mpaka kikwame. Pale kinapokwama ndipo ridi inapoachana na mausipisi, na ndipo mdomo wako wa chini unatakiwa kukaa. Weka alama ndogo ya penseli kwenye ridi. Wengi wakifanya hivi wanashangaa: walikuwa wameweka ncha tu mdomoni, ndiyo maana sauti yao ilikuwa ya mbu.

Meno ya juu yakae juu ya mausipisi. Mdomo wa chini ufunike meno ya chini, lakini kidogo tu, usiumeze wote. Kidevu kiwe bapa. Kikijikunja na kufanya vishimo kama ganda la chungwa, misuli inasukuma juu badala ya kuvuta chini. Pembe za mdomo zije ndani, kama unasema "u". Kioo ni lazima, maana ukiwa unapiga huwezi kuhisi kidevu chako kinafanya nini. Mimi nilikuwa naapa changu kimenyooka.

Hatua ya 4: Vidole

Piga dakika tano, kisha weka klarineti chini na uangalie nyama za vidole vyako. Kutakuwa na alama za duara. Duara kamili na hafifu ni salama. Nusu duara maana yake tundu linavuja. Duara la kina, jekundu, linalokaa muda mrefu, maana yake unaminya kama unaziba bomba lililopasuka. Tundu linafunikwa, halizibwi kwa nguvu. Tumia sehemu laini ya kidole, si ncha.

Kuinua vidole juu sana ni ugonjwa wa pili. Kidole kikienda sentimita tano angani, lazima kirudi sentimita tano, na wimbo haukusubiri. Acha vibaki karibu na matundu.

Kuhusu lile daraja kutoka A ya kooni (noti ya karibu na juu ya klarineti, yenye vidole vichache) kwenda B (yenye karibu matundu yote yamefunikwa), linalowatesa wengi: ukiwa kwenye A, vidole vya mkono wa kulia viache vimeshafunika matundu yake. A haiharibiki kwa kiasi cha kukusumbua, na ukivuka unabaki na kazi ya mkono wa kushoto tu.

Hatua ya 5: Ulimi

Ncha ya ulimi iguse ncha ya ridi, "ti-ti-ti", pumzi ikiendelea nyuma yake bila kukatika. Kama taya linacheza kwenye kioo, au unakata noti kwa koo, "hu-hu-hu", rudi kwenye noti moja, polepole.

Usishughulikie kasoro mbili kwa siku moja. Chagua moja, wiki mbili.

MASWALI

Swali kutoka Tanga: Mwalimu, mimi babu yangu alipiga zumari na alivimbisha mashavu maisha yake yote. Dizzy Gillespie, yule mwanamuziki wa jazi, naye tumemwona. Kwa nini kwenye klarineti iwe kosa?

Shikamoo zake babu. Mpiga zumari anajaza mashavu ili yawe ghala la pumzi wakati anavuta nyingine puani, na midomo yake haiongozi ridi kama yetu inavyofanya. Gillespie alipiga tarumbeta, ambayo haina ridi kabisa. Kwetu sisi, mashavu yakivimba pembe za mdomo zinalegea, na pembe ndizo zinazoishika ridi.

Swali kutoka Nakuru: Inanitokea mluzi katikati ya wimbo, sijui unatoka wapi.

Dada, nenda kwenye vidole kabla ya ridi. Mara nyingi ni kidole cha pete cha mkono wa kulia kinachovuja, au ubavu wa kidole cha shahada wa mkono huo unaogusa vitufe vya pembeni. Shuka kutoka G mpaka E polepole sana, noti itakayopiga mluzi itakutajia kidole chake. Kama vidole ni vizima, angalia ncha ya ridi kama imemeguka.

Swali kutoka Mwanza: Wenzangu wote wanatumia ridi namba 3 na nusu. Nikitumia 2 na nusu wananicheka.

Waache wacheke, kaka. Namba ni ugumu wa ridi, si cheo. Inategemea pia mausipisi yako iko wazi kiasi gani. Ukifika mwisho wa ibada na mdomo haujafa ganzi, umechagua sawa.

Swali kutoka Dodoma: Klarineti yangu ya mbao imepata ufa mdogo juu. Nayo ni tabia mbaya?

Mara nyingi, ndiyo. Unaitoa kwenye baridi ya asubuhi, unaipulizia pumzi ya moto papo hapo, ndani inatanuka kabla ya nje. Ipashe kwanza kwapani dakika chache, na ukimaliza pitisha kitambaa ndani kabla ya kuifunga kwenye kasha. Ufa ukiwa mdogo fundi ataujaza, mpelekee usingoje. Na uionee huruma: ni mpingo huo, huenda ulikatwa Kilwa au Lindi, ukasafiri Ulaya kuchongwa, ukarudi kupasukia nyumbani.